Mgongo Uliopona Kanisani

Kuna watu huko Nuu ambao hadi leo watakuapia kwamba mgongo wangu ulipona. Waliona kwa macho yao, wanasema, na wengine watakuonyesha hata mahali nilipokuwa nimepiga magoti. Mimi ndiye mwenye mgongo, na nasema haukupona, haujawahi kupona hata siku moja. Ninapoandika haya nimekaa kwenye ukingo wa kitanda kwa sababu kiti kimenishinda tangu asubuhi. Lakini mwenye mgongo ni nani hata asikilizwe?

Uliharibikia mtoni, miaka ya sabini, nikiwa mke mchanga. Nasema mtoni, lakini mtu asifikirie maji yanayotiririka. Mto wetu karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, na maji unayafukua. Unachimba shimo, unapiga magoti ndani yake, unateka kidogo kidogo kwa kibuyu hadi debe lijae. Kisha unaligeuzia debe mgongo, unachuchumaa, unapitisha ule ukanda wa ngozi tunaouita mukwa juu ya kichwa, na unainuka na mzigo wako. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu utotoni bila hata kufikiria. Siku hiyo nilipoinuka, kiuno kilikataa. Moto ulinishuka kwenye paja la kushoto hadi kisiginoni, nikaanguka kifudifudi, na maji yote yakarudi mchangani yalikotoka. Nakumbuka nililia kwa ajili ya maji. Mgongo niliudhani utapona kesho yake.

Mume wangu alikuwa na kibarua mbali, kwenye barabara ya Mombasa, na nyumbani tulimwona Krismasi na Pasaka. Nilibaki na mtoto wetu wa kwanza, msichana aliyekuwa bado ananyonya, na mama mkwe wangu ambaye nilimwita Mwaitu, yaani mama yangu, kama desturi yetu. Yeye ndiye aliyenituma Mwingi kwenye kituo cha afya cha serikali, baada ya wiki nzima ya kuniona nikitembea nimepinda upande mmoja. Nilikwenda juu ya lori la mbuzi, nimesimama njia nzima, kwa sababu kukaa kuliniuma kuliko kusimama.

Mtu wa kule tulimwita daktari, sijui kama alikuwa daktari. Hakuinua kichwa.

"Unaumwa wapi?"

"Mgongo. Unashuka mpaka mguu."

"Mama, wanawake wote wa huku wanaumwa mgongo."

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, kana kwamba umemkimbilia mtu kumwambia nyumba yako inaungua, naye anakujibu kwamba nyumba za upande huo huungua sana. Akanipa vidonge vyeupe vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, akaniambia nipumzike, nisiinue kitu kizito, nilale mahali pagumu.

"Na maji atateka nani?" nikamuuliza.

"Nunueni punda."

Punda tulikuwa naye. Alikuwa amekufa kwa ukame hata kabla ya mgongo wangu. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameshamwita mwingine.

Nilirudi huko mara nyingi, na vidonge vilikuwa vilevile, iwe unaumwa kichwa, malaria au mgongo. Kuna wakati nilimkuta msichana mmoja mpya, mzaliwa wa pwani, mpole kweli, akanishauri niache mukwa na nibebe maji kichwani kama wanawake wa kwao, ati mgongo utanyooka. Nikajaribu, kwa sababu mtu mwenye maumivu hujaribu kila kitu. Nilifika nyumbani nimelowa hadi miguuni na debe limebonyea, na Mwaitu alicheka hadi akakaa chini. Nilikasirika naye siku mbili. Lakini hakuna hata mmoja wao, mkali au mpole, aliyewahi kuniambia, geuka nikuone. Hakuna aliyeweka mkono wake juu ya mgongo wangu. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Sikuwa naomba muujiza, nilikuwa naomba mtu aliyesomea kazi hiyo anishike mahali panaponiuma kisha aniambie pamekuwaje.

Mwaitu alichoka kunisikia nikigumia. Asubuhi moja alikuja na mwanamke wa ng'ambo ya kilima, mmoja wa waganga wale wanaochanja ngozi kwa wembe na kupaka dawa. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, mimi na yeye, na kanisa letu lilikuwa halitaki hata kusikia habari za kuchanjwa. Mwaitu alijua hivyo vizuri kuliko mimi.

"Mwana wakwa," akaniambia, "Mungu ameona vile umeenda hospitali. Lala hapo."

Nililala. Yule mwanamke akanipapasa kiuno kwa kidole gumba, akiuliza, ni hapa, ni hapa, hadi nikapiga kelele. Akachanja pale, mistari midogo midogo, akasugua unga mweusi. Sitaki mtu aseme kwamba nasifu dawa hiyo. Haikunisaidia kitu. Iliwasha wiki nzima, kisha mgongo ukaendelea na kazi yake. Nilichofaidi ni alama tu, na alama hizo ndizo zilizonimaliza.

Kwa sababu baada ya hapo nilikwenda kwenye zahanati ya misheni. Nilijiambia labda kule wana subira zaidi. Na kweli, nesi wa kule, mama wa kanisa letu hilihili, mwimbaji mwenzangu, alisema maneno niliyokuwa nimeyasubiri kwa miaka: "Geuka nikuone." Nikageuka. Nikainua nguo. Nikangoja mkono.

Mkono haukuja. Nguo ndiyo iliyoshushwa.

"Wewe mama umeenda kwa mganga."

"Si nilienda kwa serikali kwanza?" nikamwambia. "Kituoni nimeenda mara ngapi! Huyo ni wa mwisho."

"Hata kama. Mtu wa Mungu hawezi kuchanjwa. Na sasa unataka nikutibu juu ya dawa ya mganga?"

Alinipa vidonge vyeupe, na nikarudi nyumbani kwa miguu, pole pole. Habari zilikuwa zimenitangulia. Jioni hiyohiyo wazee wa kanisa walikuwa wamekaa kwetu, wanakunywa chai ya Mwaitu, ambaye alikuwa ametazama chini kama mtoto aliyevunja kikombe. Sikumtaja. Niliwaambia ni mimi mwenyewe niliyemwita yule mwanamke. Wakaniweka chini ya adhabu. Nisiimbe na kina mama, nisishiriki Meza ya Bwana, na nikae nyuma kabisa, kwenye benchi la waliorudi nyuma, hadi nitakapotubu mbele ya kanisa.

Benchi hilo lilikuwa ubao mmoja juu ya magogo, halina pa kuegemea. Viti vya mbele vilikuwa na migongo, vilichongwa na fundi wa kanisa, vizuri kabisa. Mtu aliyeadhibiwa kwa sababu ya mgongo akawekwa kwenye kiti kisicho na mgongo, saa tatu za ibada, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo. Nilikuwa nakaa pale nikiuma meno na kumhesabia mhubiri kila mara aliposema "na mwisho kabisa". Mimi sikuwa na huzuni ya dhambi. Nilikuwa na hasira, na nilikaa nayo hapo nyuma miaka kadhaa, kwa sababu sikuwa tayari kutubu jambo ambalo sikuona kosa lake. Hata mwaka ule wa mahindi ya njano ya msaada, tulipokuwa tukipangwa mstari nje ya kanisa, mimi nilipangwa mwisho.

Halafu likaja tangazo. Daktari wa mifupa, mtaalamu kutoka ng'ambo, angekuwa kwenye hospitali ya misheni kwa wiki moja tu. Gari la kanisa lingebeba wagonjwa kutoka upande wetu, na wazee ndio wangechagua nani apande. Niliposikia neno mifupa sikungoja. Nilimfuata mzee wa kanisa hadi shambani kwake.

"Wewe uko chini ya adhabu," akasema. "Gari ni la kanisa. Tubu kwanza, mama, halafu tutaona nafasi."

Nilirudi nyumbani. Nilimtukana moyoni kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Lakini msichana wangu wakati huo alikuwa darasa la kwanza, na ndiye aliyekuwa akiteka maji yetu, kwa debe dogo na mukwa mdogo niliomkatia mwenyewe. Nilimwona akichuchumaa na kuinuka nalo, na kila alipoinuka mimi nilifumba macho. Nikaamua nitatubu. Ningetubu hata ukame kama wangetaka.

Jumapili hiyo nilienda mbele. Mchungaji aliniambia nipige magoti, nikapiga, juu ya saruji. Nikasema yale maneno: nilimwacha Mungu, nikaenda kwa mganga, nimerudi. Niliyasema haraka, kama mtu anayemeza kidonge. Akaomba, na maombi yake hayakuwa mafupi. Aliposema amina nilijaribu kuinuka, na kiuno kikanikamata palepale.

Anayejua maumivu hayo atanielewa. Huwezi kwenda juu, huwezi kwenda chini. Nilishika saruji kwa mikono yote miwili, machozi yakanitoka, nikaanza kutetemeka mwili mzima, nikatoa sauti ambayo sikujua ninayo. Na nyuma yangu nikasikia mtu anaanza kulia pia. Halafu mwingine. Halafu wimbo ukaanza, na makofi, na mama mmoja akapaza sauti kwamba Roho ameshuka. Nilitaka kuwaambia jamani ni mgongo, ni mgongo tu, lakini pumzi haikutosha. Nilikuwa nimekwama pale chini kama ng'ombe kwenye tope, nao wanaimba.

Mchungaji alikuja nyuma yangu, akanishika makwapani, akanivuta juu kwa nguvu zake zote. Nilidhani nimekufa. Kisha nikawa nimesimama, akaniachilia, na maumivu ya kuvutwa yakapungua.

"Unasikiaje, mama?" akauliza, kwa sauti ya kanisa zima.

"Afadhali," nikasema.

Nilimaanisha afadhali umeniachilia. Mtu yeyote angesema hivyo. Lakini kanisa lililipuka. Watu waliruka, walikumbatiana, yule nesi wa zahanati alinishika mabega na kulia juu ya shingo yangu. Kufikia wakati tunatoka nje, mgongo wangu ulikuwa umepona, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho kupata habari.

Jumatatu yake mzee wa kanisa alikuja kuniambia kwamba nafasi yangu garini itapewa mwingine, kwani mtu aliyepona aende kufanya nini kwa daktari? Mchungaji ndiye aliyemkataza. Alisema niende, nikatoe ushuhuda kwa wagonjwa. Nikakubali. Kiti ni kiti, na kama njia ya kumfikia daktari wa mifupa ilikuwa kwenda kama mtu aliyepona, ningeenda kama mtu aliyepona. Gari lilirushwa na mashimo tangu alfajiri, na wagonjwa wenzangu walikuwa wakinitazama kwa wivu nilipokuwa nimeng'ang'ania chuma cha mlango. Walidhani ninaomba.

Tulingoja kwenye ukumbi hadi alasiri. Daktari alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe na macho mekundu ya uchovu, na aliyekuwa akimtafsiria ni yule nesi wetu. Nilipoingia sikukaa.

"Mwambie mgongo unaniuma," nikasema. "Unaanzia kiunoni, unashuka mguu wa kushoto mpaka kisigino. Usiku silali. Mwambie vidole viwili vya mguu sivisikii."

Nesi akazungumza Kiingereza, kirefu kuliko nilichosema, akitabasamu. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini neno la kupona nililijua, na neno la kanisa nililijua, na Jumapili niliijua. Daktari akaacha kalamu. Macho yake yakalainika. Akasimama, akazunguka meza, akanishika mkono, akainamisha kichwa. Alikuwa anamshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayotulia kabisa. Hiyo ya siku hiyo ilitulia. Nilichukua ule mkono wake uliokuwa umenishika, nikauvuta nyuma yangu, nikauweka kiunoni, juu ya zile chale, na nikaubana pale kwa mkono wangu. Nesi akapiga ukelele kana kwamba nimemvua mzungu nguo. Daktari alifumbua macho. Tukatazamana. Kisha vidole vyake vikaanza kufanya kazi, polepole, mfupa kwa mfupa, na vilipofika pale nikapiga yowe hadi watu wa ukumbini wakasimama.

Alinilaza kitandani. Aliinua mguu wangu wa kushoto ukiwa umenyooka, na kabla haujafika popote nikamshika shati. Akanigonga goti, akanichoma vidole kwa pini. Hakuwa anatabasamu tena. Aliongea na nesi kwa sauti ya chini, na nesi akanigeukia bila kuniangalia.

"Anauliza hii ni tangu lini."

"Mwambie tangu msichana wangu akinyonya. Sasa anasoma."

Wakaongea tena.

"Anasema kuna mshipa umebanwa kwa muda mrefu sana. Anasema mbona hukuja mapema?"

Nilicheka. Sijui kicheko hicho kilitoka wapi, kilikuwa kibaya. Kisha nikaketi, maumivu na yote, nikamnyooshea nesi kidole.

"Mwambie nilikuja! Mwambie nilikuja kwa serikali na nikaja kwako wewe, na ukaniteremshia nguo! Mwambie hayo, kama vile nimesema."

Hakumwambia. Alifumbata mikono yake mbele akatazama dirishani, na daktari akamtazama yeye, akanitazama mimi, akingoja tafsiri ambayo haikuja. Mwishowe akafungua kabati akatoa mshipi mpana wa turubai wenye vyuma, akanifunga mwenyewe, akakaza kamba, akanipigapiga bega. Kupitia nesi alisema kuna upasuaji ambao ungefanywa Nairobi, na kwamba angeufanya kwa mikono yake kama angekuwa anabaki. Ndege yake ilikuwa wiki hiyo. Huo mshipi niliuvaa hadi vyuma vikatoboa kitambaa, na ndiyo matibabu niliyopata katika maisha yangu yote.

Niliporudi nilimwambia mchungaji wazi kwamba sijapona na kwamba daktari mwenyewe amesema hivyo. Alinisikiliza kwa upole mwingi, nao upole huo ulinichoma kuliko ukali.

"Mama, wewe ulipona. Sote tuliona," akasema. "Sasa usipee Shetani nafasi. Linda uponyaji wako."

Basi ikawa kwamba nikiumwa ni kosa langu, nimeshindwa kuulinda. Kila nilipoonekana nimeinama, mtu alinisogelea kuniuliza kama nimeacha kuomba. Kule kituo cha afya nilikuwa mwanamke kama wanawake wote wa huku. Kanisani nilikuwa mwanamke asiye na shukrani. Mwaitu peke yake ndiye aliyekuwa akinipokonya jembe bila neno na kunikanda kwa maji ya moto, na alipofariki nilikosa hata huyo.

Miaka ya tisini msichana wangu, mwanamke mzima sasa, alifungua duka Malili, kando ya barabara kuu, akanichukua nikaishi naye. Kule maji ni ya tangi. Ameninunulia godoro gumu na mto wa kuegemea, na kila Jumapili hunibebea mto huo kanisani, kanisa la mabati karibu na duka, ambako hakuna anayenijua zaidi ya kuwa mama ya mwenye duka. Nililipenda kwa sababu hiyo.

Jumapili moja alikuja mhubiri mgeni, kijana mwenye koti zuri. Alihubiri juu ya toba. Na katikati ya mahubiri akasema, wapendwa, kule Nuu palikuwa na mama mmoja, aliyekuwa amepinda kabisa, ametembea kwa waganga wote hadi mgongo wake ukajaa chale. Msichana wangu aligeuka akanitazama. Mhubiri akaendelea. Mama huyo alitubu, akaanguka chini, Roho akamwinua, akasimama wima, na tangu siku hiyo hadi leo hajasikia maumivu tena. Ati alikwenda hata kwa daktari wa wazungu, na daktari akashangaa, akaomba naye.

Miaka yote hiyo ya Malili nilikuwa nimenyamaza, na hadithi yao imetembea kwa miguu yake hadi Malili kunitafuta. Nikasema leo nitasimama. Nitasema mama huyo ni mimi, na mgongo ni huu, njooni mmoja mmoja muushike.

"Nisaidie," nikamwambia msichana wangu. Alielewa. Akanishika kiwiko.

Lakini mimi kuinuka ni kazi. Kwanza nasogea hadi ukingoni mwa kiti. Kisha mguu wa kulia mbele. Kisha mkono juu ya kiti cha mbele yangu, na pumzi, na kungoja moto upite, ndipo mwili uanze kwenda juu kidogo kidogo. Nilikuwa nusu ya njia, kichwa bado kimeelekea chini, niliposikia mhubiri anasema haleluya, na ngoma ikaanza, na viti vikasukumwa kila upande. Sikuacha. Nilifika juu, nikanyooka kadiri ninavyoweza, nikafungua mdomo.

Kanisa zima lilikuwa limesimama, linaimba na kupiga makofi. Mhubiri alipotazama upande wetu aliona mama mmoja mzee amesimama na wenzake, mdomo wazi, na akaniinulia mkono kwa furaha.